Mama Maabara na Shamba Namba 214

Jina lake analo, limeandikwa hata kwenye barua za shule, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Wanafunzi tulimwita Mama Maabara, walimu walimwita Mama Maabara, na siku mkuu wa shule alipomtambulisha kwa jina kamili mbele ya mgeni, tuligeuka wote kumtafuta huyo mwalimu mpya. Nami nitabaki na jina hilohilo. Nikiandika lile jingine atanifuata mpaka kwenye hili bweni la kidato cha tano nililopo sasa, na kwa magoti aliyonayo sitaki apande ngazi bure.

Alikuwa fundi wa maabara katika shule yetu ya kutwa huko Old Moshi, kwenye mteremko ambao ukiangusha chungwa asubuhi, jioni linauzwa Moshi mjini. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kuosha mirija ya kioo na kuhakikisha hatunywi tindikali. Kiukweli alikuwa daktari wa kila kitu chenye waya: kengele ya shule, spika za usharika, simu za walimu, na kompyuta kumi na moja, ambazo nane ziliwaka na tatu zilikuwa za kutolea vipuri. Alikuwa na faneli ya plastiki aliyoichomeka kwenye mpira mwembamba. Faneli anaibandika ubavuni mwa kompyuta, mpira anauweka sikioni, anafumba macho.

"Hii feni inakohoa," anasema. "Nani kala mandazi juu yake?"

Ukifungua unakuta makombo kweli. Mara nyingi yalikuwa yangu.

Tulifahamiana kwa sababu ya mifupa. Shule ina mifupa ya plastiki ya kufundishia baiolojia, na mimi nikiwa kidato cha pili niliivalisha koti lake jeupe, nikaifunga kilemba cha kitenge, nikaikalisha kwenye kiti chake na kikombe cha chai mkononi. Darasa zima likajificha nyuma ya meza. Mama Maabara akaingia, akaitazama ile mifupa, akachukua kikombe, akanywa chai.

"Umepungua sana, mama," akaiambia. "Wanakulisha kweli?" Halafu, bila kugeuka, "Debe, njoo hapa."

Debe ndiye mimi. Alinipa jina hilo siku hiyo, na ufafanuzi wake mnaujua: tupu, na haliachi kuvuma. Nilimuuliza alijuaje ni mimi. Akasema, "Wenzako wote wanacheka. Wewe peke yako umekaa kimya kama mtu mwenye akili, na hiyo si kawaida yako."

Adhabu ikawa kumkatia ng'ombe wake majani kila Ijumaa baada ya masomo. Ilitakiwa kuwa muhula mmoja. Muhula ukaisha, mimi nikaendelea, yeye akajifanya hajahesabu.

Ndivyo nilivyopajua kwake. Kihamba kidogo, migomba na kahawa, ng'ombe mmoja wa kufugwa ndani aliyekuwa na dharau usoni, na nguzo ya geti iliyopakwa namba 214 kwa rangi ya bluu. Namba hizo tulipewa na kamati ya mfongo. Mfongo ni mfereji waliouchimba mababu kutoka mtoni huko juu. Maji yanashuka kihamba kwa kihamba, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungua mlango wa mfongo kwa jembe. Mwaka ule nilipokuwa kidato cha pili kipande cha juu kilibomoka kwa mvua, mfongo ukachepushwa, mashamba yote yakapewa namba mpya. Yeye 214. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, akapata 240, yaani mwisho kabisa wa mfereji. Bibi alikuwa akisema, "Maji ni kama habari za mjini. Yakifika kwetu yameshaisha."

Zamu nyingine ni za usiku. Zamu ya usiku maana yake unapanda na tochi kwenye njia ya korongoni hadi mlangoni, unafungua, unashuka na maji yako. Kila mtu aliichukia. Ila Mama Maabara tangu apewe ile 214 hakuwahi kuipata hata mara moja, na hilo alilihubiri.

"Mnalalamika zamu za usiku," aliwaambia wanawake wa kwaya, nikiwa nasikia kwa masikio haya. "Mimi ninapiga goti. Goti bovu, lakini ninalipiga. Anayesali anapewa mchana."

Bibi alikuwa mmoja wa hao wanawake, na wiki hiyo alikuwa na zamu ya saa tisa usiku. Alirudi nyumbani akasema kuna watu Mungu anawavumilia sana.

Alikuwa na misemo, mingi ya kuazima. Ule wa mtori aliusema mpaka ng'ombe aliujua: kunywa mtori, supu yetu ya ndizi, nyama ziko chini, yaani vuta subira. Ukimuuliza swali lolote gumu, jibu ni mtori. Ukimwambia mtihani ni mgumu, mtori. Siku moja nilimuuliza kama atanifuta kwenye kitabu cha adhabu, akaniambia kunywa mtori, na nyama sikuzikuta.

Alikuwa pia na mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Mbege, pombe yetu ya ndizi, hakunywa, alikuwa mtu wa kanisa, lakini hakuna pipa lililotoka kwake kwenda msibani bila yeye kulionja, na kipimo chake cha kuonja kilikuwa bakuli. Na kwenye chumba cha mtihani ukigeuza shingo kidogo kuelekea daftari la jirani anakuwa juu yako kama mwewe, ilhali burudani yake ya Jumamosi ilikuwa kuzichungulia programu za kompyuta ambazo wenyewe hawakumkaribisha.

Hapa inabidi nieleze kidogo, vumilieni. Programu huandikwa kwanza kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma. Halafu inapondwa kuwa namba tupu, na kompyuta inakula zile namba. Mwandishi anabaki na maneno, wewe unapewa namba. Kuzisoma namba uelewe mwandishi alikuwa anawaza nini ni kama kupewa bakuli la mtori na kuambiwa utaje kila ndizi imetoka kwenye mgomba upi. Mama Maabara alikuwa anataja.

"Lakini Mama, huko si kuchungulia?" nilimuuliza.

"Sichungulii. Nasoma kilichoandikwa. Kama hakutaka kisomwe angekaa nacho kichwani."

Sasa, programu iliyomtesa kuliko zote ilikuwa ya zamu za mfongo. Iliandikwa na mzee mmoja wa ng'ambo ya korongo, mwalimu mstaafu wa hisabati, ambaye ni katibu wa kamati. Tulimwita Mwalimu tu. Usiidharau kazi ile. Mashamba zaidi ya mia mbili, na kila moja lina sharti lake. Wasabato wasipangiwe Jumamosi. Nyumba yenye msiba iachwe mpaka matanga yaishe. Mashemeji fulani wawili wasifuatane, maana watakutana mlangoni na kila mmoja ana jembe. Programu inajaribu mipango maelfu kwa maelfu hadi ipate mmoja usiomkwaza mtu.

Mama Maabara na Mwalimu walikuwa hawasemezani, na kosa lilikuwa la Mama Maabara. Hata yeye alilijua, ndiyo maana hakulizungumza. Miaka ya nyuma, kabla ya zile namba mpya, programu ilikosea ikaupa maji uwanja wa kuegeshea magari wa usharika. Mama Maabara akasimama kwenye mkutano wa mfongo, Mwalimu akiwa amekaa mbele, akasema, "Hata kuku akikanyaga karatasi atapanga zamu nzuri kuliko hizi." Mkutano ukacheka mpaka ukalegea. Mwalimu akakunja karatasi zake mara nne, akaenda kwao. Maneno ya programu akayafungia kwenye sanduku la bati. Tangu hapo kila akibadilisha kitu analeta zile namba zilizopondwa tu, kwenye flashi, ndani ya mfuko wa mkate, kwa mkono wa mtu mwingine. Misibani Mama Maabara alimpelekea sahani ya kiburu, ndizi na maharage, naye pia kwa mkono wa mtu mwingine.

Kompyuta ya kamati ilikaa maabara kwetu kwa sababu ya umeme. Ile ya zamani ilikuwa na prosesa mbili. Prosesa ndiyo mfanyakazi wa ndani, ndiyo inayohesabu. Desemba moja, wakati watu wote wa Dar wanapanda mlimani na watoto wao na makelele yao, mtoto wa mwanakamati mmoja akaleta mpya yenye prosesa nane. Tukapiga makofi. Mwenyekiti akaahidi zamu zitatoka kabla chai haijapoa.

Ikachelewa kuliko ile ya zamani.

Sikutanii. Wanane walichelewa kuliko wawili. Msimu wa mvua hakuna aliyejali, lakini kiangazi kilipofika, mimi nikiwa kidato cha tatu, ikawa balaa. Maji yanapimwa Ijumaa mchana kwa mti wenye alama, kipimo kinaingizwa kwenye programu, na karatasi ya zamu inatakiwa isomwe kwenye matangazo ya ibada Jumapili, nakala nyingine ibandikwe kwa Wakatoliki. Sasa ikawa inatoka Jumanne. Jumatatu na Jumanne hakuna karatasi, na pasipokuwa na karatasi, walio karibu na mlango wanajigawia maji. Shamba namba 240 lilikaa wiki tatu bila tone.

Bibi ana migomba ya mishare nyuma ya nyumba, iliyopandwa na mama mkwe wake. Majani yakaanza kujikunja kama miavuli. Bibi akawa anaimwagia maji ya kuoshea vyombo, kikombe kwa kikombe, kila mgomba na kikombe chake, kama mgonjwa.

"Wiki moja tena hii haipo," aliniambia. "Nikifika kwa mama mkwe huko mbinguni nitamwambia nini? Kwamba kompyuta ilikuwa na foleni?"

Ijumaa hiyo nilimpelekea Mama Maabara majani, nikamwambia habari ya migomba. Kwa mara ya kwanza hakunijibu mtori. Kesho yake asubuhi tukaenda maabara, akaiwasha programu, akatoa faneli.

Akasikiliza muda mrefu. "Sikiliza na wewe," akanipa mpira.

"Sisikii kitu, Mama."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe. Wafanyakazi wanane wakichapa kazi, feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Hii imelala. Hawafanyi kazi hawa, wamepanga foleni."

Akanionyesha kwenye kioo mistari minane, mstari mmoja kwa kila prosesa. Mmoja unapanda, saba imelala. Unashuka, mwingine unapanda. "Humo ndani kuna mlango mmoja wenye kufuli," akasema. "Kila mmoja akitaka kupiga hatua lazima apite hapo, na ufunguo ni mmoja. Wakiwa wawili huoni tatizo. Wakiwa wanane, ni sawa na mfongo mzima kusubiri jembe la mtu mmoja."

"Si umwombe Mwalimu maneno yake? Ni dakika kumi kwa mguu."

"Kwa mguu wako. Kwa shingo yangu ni mbali."

Basi akaamua kuutafuta huo mlango kwenye namba. Alichapisha kurasa hata sijui ngapi, akanunua penseli za rangi. Alisoma maabara, alisoma akikamua ng'ombe, alisoma kwenye kwaya wakati wenzake wanaimba sauti ambayo si yake. Namba zenyewe zinaandikwa mbilimbili, nyingine zina herufi ndani, maana kompyuta ikifika tisa haiendi kumi, inakwenda A, B, C, hadi F, kwa hiyo inahesabu kwa kumi na sita, siyo kwa kumi. Wiki nzima ikapita. Bibi akaanza kutumia na maji ya kunawia uso.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta ameinama juu ya ukurasa mmoja na penseli nyekundu. "Mlango huu hapa," akasema. "Na hapa ndani kuna sharti moja tu. Linauuliza kila mpango: je, humu yumo D6? Nihesabie, Debe. D ni kumi na tatu."

"Mara kumi na sita... mia mbili na nane. Jumlisha sita. Mia mbili kumi na nne."

Ile namba nilikuwa nimeipita na mzigo wa majani kichwani kila Ijumaa kwa zaidi ya mwaka.

Akavaa miwani vizuri, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Chini ya D6 kulikuwa na nyakati mbili, wa jua kuzama na wa jua kuchomoza. Kama ni 214, na zamu imeangukia katikati ya hizo nyakati, jibu ni hapana, panga upya. Basi. Hakukuwa na shamba jingine lolote lililoangaliwa hivyo. Na 214 ni namba mpya. Sharti hilo liliwekwa baada ya kuku, siyo kabla.

Mimi na mdomo wangu. "Mama, si ulisema ni maombi?"

Hakunifokea. Aliondoka akaenda kwenye sinki, akaosha mirija ambayo ilikuwa safi, mmoja mmoja, akairudisha kwenye kishikio. Niliogopa.

Aliporudi alikuwa fundi tena. "Aliliongeza kwa haraka," akasema. "Ana kijidaftari kimoja cha kuandikia sharti limekataa mara ngapi, na ili wafanyakazi wasigombanie kalamu akaweka kufuli. Dawa nzuri ni kila mmoja apewe daftari lake. Lakini hiyo inafanyika kwenye maneno. Kwenye namba sina nafasi ya kuongeza, nina nafasi ya kufuta tu."

"Ukifuta?"

"Kufuli linaondoka na sharti linaondoka. Vimepondwa pamoja."

"Na magoti?"

Alinitazama. "Bibi yako ana migomba mingapi?"

Tulianza na njia ya mkato. Kuna namba 90, maana yake ni pita, usifanye kitu. Alinituma nizifunike zile namba tano zinazowapeleka wafanyakazi mlangoni: tisini, tisini, tisini, tisini, tisini. Tukawasha. Programu ikamaliza kabla sijakaa. Tukachapisha karatasi, na mashamba yote, la kwanza hadi la mwisho, yalikuwa na zamu Jumatano saa nane mchana.

"Wamepata wote, mpaka makaburi," nikasema.

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaona kosa. "Nimewazuia wasiende kuuliza, lakini wenyewe bado wanasubiri jibu. Hakuna aliyewajibu, wakachukua ukimya kuwa jibu." Akaichana ile karatasi. "Ukimya si jibu, Debe. Andika."

Safari hii tuliwaacha waende mpaka mlangoni, ila pale pa kuingilia tukaandika namba sita juu ya zile za zamani: B8, 01, 00, 00, 00, C3. Nilimuuliza zinasemaje.

"Zinasema: ndiyo, rudi kazini. Hakuna kufuli, hakuna daftari. Anayefika anajibiwa ndiyo, anarudi."

Tukawasha saa tatu asubuhi. Hatukuhitaji faneli. Feni ilinguruma mpaka mlinzi akaja kuuliza tunasaga nini. Saa saba mchana karatasi ikatoka, na kila sharti lilikuwa mahali pake, Wasabato, wafiwa, mashemeji. Namba 240: Jumanne asubuhi. Kidole chake kikapanda juu taratibu. Namba 214: Alhamisi, saa nane usiku.

"Sawasawa," akasema, akaweka karatasi kwenye bahasha ya mchungaji.

Jumanne Bibi alivua viatu akasimama ndani ya maji katikati ya mishare, miguu ikizama matopeni, akasema aika, aika, yaani asante, sijui anamwambia nani, pengine mama mkwe. Mimi nilikuwa nawaza Alhamisi. Njia ya korongoni naijua. Kuna mahali mimi mwenye magoti mapya nashuka kwa makalio.

Jumatano nikafanya jambo bila kutumwa. Mnajua isale, yale majani marefu tunayopanda mipakani. Ukimkosea mtu kosa zito unakata jani lake, unalifunga fundo, unampelekea, na akishalipokea kesi imekwisha. Kulikataa ni aibu ya ukoo. Nikavuka korongo, nikakata isale kwenye ua wa kwanza nilioukuta, nikapiga fundo, nikabisha hodi kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hilo la nini?"

"Nimekuja kumwombea Mama Maabara msamaha. Habari ya kuku."

Akalichukua, akaligeuzageuza, akanyoosha shingo kuangalia ua wake. "Umekuja kuniomba msamaha kwa isale uliloliiba mpakani kwangu?"

Kukata isale la mpaka wa mtu ni kosa lenyewe. Ningehitaji isale jingine la kuombea msamaha wa lile la kwanza, na jirani pekee mwenye masale karibu alikuwa yeye.

"Halafu isale halipelekwi na mtoto," akasema. "Mwenye kosa ana miguu."

"Miguu anayo, Mwalimu. Magoti ndiyo hana. Na amelitoa lile sharti lako ili bibi yangu apate maji."

Akauliza kama mwalimu anayesahihisha. "Kalitoa kwa tisini tisini, au kwa ndiyo-rudi?"

"Tulianza na tisini. Mpaka makaburi yakapata zamu."

Midomo ikamcheza. "Nami ilinitokea hivyo. Zamu yake ni saa ngapi?"

"Alhamisi, saa nane usiku."

Akalitundika isale kwenye msumari, akaniambia niende nikasome.

Ijumaa nikapeleka majani kwa Mama Maabara. Alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo, na ana hasira ya mtu asiyejua amkasirikie nani. "Nimepanda usiku wote ule," akasema, "nafika nusu ya njia nakutana na maji yanashuka. Mlango umeshafunguliwa. Kafungua nani?"

"Maombi," nikasema.

Nikaongezewa muhula mwingine wa majani.

Kumbe haikuwa siku ile moja. Kila zamu yake ya usiku, kiangazi chote, alikuta maji njiani. Naye kila mara alipanda, akakuta mlango wazi na hakuna mtu, akashuka. Hakusema kitu kwa yeyote. Mwanamke aliyesoma namba za programu nzima alishindwa kuvuka korongo. Nilimkumbusha kwamba ukimya si jibu, akaniambia kunywa mtori.

Mara ya mwisho kumwona vizuri ilikuwa Februari hii iliyopita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri kupangiwa shule, na Bibi alinituma mlangoni kwenda kufungua zamu yetu ya saa kumi na mbili asubuhi. Mwanga ulikuwa umegusa theluji kule juu, huku chini bado baridi. Nikawakuta wamekaa kwenye mawe, mmoja huku mmoja kule, mfongo unapita katikati yao. Jembe lilikuwa kwa Mwalimu, na mlango alikuwa ameshaufungua kwa zamu ya 214. Mama Maabara alikuwa ameshika isale kama anavyoshika rula.

Nikatoa shikamoo. Wakaitikia bila kunitazama.

"Umekaa nalo tangu saa kumi," Mwalimu alikuwa anasema. "Litanyauka."

"Nilisema kuku," akasema Mama Maabara.

"Ulisema."

"Akikanyaga karatasi."

"Naikumbuka sentensi yote, mama. Usinisomee."

Mama Maabara akanyoosha mkono juu ya maji, akampa isale. Mwalimu akalipokea kwa mikono miwili, akakagua fundo, akakagua na pale lilipokatiwa.

"Umelikata wapi?"

"Kwangu. Nilikate wapi tena?"

"Wengine hukata kwa mtu," akasema, na hapo ndipo aliponitazama.

Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bunda la karatasi lililofungwa kamba ya katani. Yale maneno ya kwenye sanduku la bati, yote. Akamnyooshea. Mama Maabara akayaangalia tu.

"Sihitaji," akasema. "Nilishaisoma."

"Yote?"

"Mpaka pale pa goti langu."

Mwalimu hakuurudisha mkono. Ukabaki hapo hapo juu ya maji na zile karatasi, mpaka Mama Maabara akazichukua akazikalia, maana baridi ya jiwe ilikuwa kali. Saa kumi na mbili ikafika. Nikasema samahanini wazee, ni zamu ya 240, nikaomba jembe, na wote wawili wakanyanyua miguu maji ya Bibi yapite.